Mwaka Ambao Sikula Kiazi Pori

Nyuma ya bafu langu hapa Nyasho kuna mmea unaoota bila kupandwa. Hauna haya. Mvua zikikatika na kila kitu kikawa rangi ya vumbi, wenyewe ndiyo kwanza unatandaza kamba zake juu ya kifusi, na asubuhi unafungua maua meupe yenye koo la zambarau, mapana juu na membamba chini, umbo la ile faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Wapangaji wangu wanayapenda. Mmoja wao, binti anayeuza kwenye duka la dawa, huyapiga picha kabla hajaenda kazini, na siku moja aliponikuta nayafyeka kwa jembe alinishika mkono. "Bibi jamani, si uyaache tu? Mbona yanapendezaga." Nikamwambia yanaleta nyoka. Uongo mtupu. Nayafyeka kwa sababu yananitia aibu, na kiazi chake kiko chini kuliko nguvu zangu, kwa hiyo kila mwaka nakata juu na kila mwaka yanarudi. Nilikuwa bado nimeshika lile jembe simu ilipoita, na mwanangu Hamisi akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, kwamba mama mdogo Rehema amefariki alfajiri hiyo huko Butiama, na kwamba yuko njiani anakuja kunichukua.

Rehema hakuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Alikuwa binti wa watu walionipangisha chumba Bunda, nikiwa na miaka kumi na tisa na Hamisi hajaota hata jino. Baba Hamisi alikuwa amekwenda kutafuta kazi machimboni. Kwa nini aliondoka na kwa nini nilibaki ni habari ndefu isiyo na utamu, naiacha. Nilikaa kwao mwaka mmoja tu. Mwenye nyumba, Mzee Athumani, alikuwa fundi wa magodoro ya pamba, na chumba cha mbele kilikuwa karakana yake. Pamba ilikuwa kila mahali: kwenye nyusi zake, kwenye chai, kwenye masikio ya paka. Ukiamka asubuhi unakuta nyuzi zake kwenye mkeka wa kuswalia. Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa mwanamke mnene wa sauti na mwembamba wa mwili, aliyeongoza nyumba ile kwa kukohoa. Kikohozi kimoja ukajua umekosea, viwili ukajua umesamehewa. Rehema alikuwa mtoto wao wa pekee. Chumba changu kilikuwa nyuma kabisa, na kati yake na jiko hapakuwa na ukuta, palikuwa na kanga iliyotundikwa kwenye kamba. Ndiyo maana nikisimulia mwaka ule nasimulia zaidi nilichokisikia kuliko nilichokiona.

Mvua hazikuja. Za vuli zilitudanganya kidogo, zikalowesha vumbi zikaondoka. Za masika hazikujisumbua hata kudanganya. Pamba ilikufa mashambani ikiwa na urefu wa kidole, viwanda vya kuchambulia vikanyamaza, na Mzee Athumani akabaki kufumua magodoro ya zamani na kuyajaza upya kwa pamba ile ile, akiipiga fimbo kama mtu anayeidai kitu. Unga ukawa wa kutafuta. Jirani yetu, Mama Nyangeta, Mkristo mmoja mchangamfu wa kutoka Kibara aliyekuwa akiuza dagaa na furu wakavu sokoni, ndiye aliyetuletea habari kwamba watu wameanza kupanda vilimani kuchimba kiazi pori. Mizizi ya ua hili hili ninalofyeka. Kwa nje kamba yake hufanana na ya viazi vitamu, na wanasema ni ukoo mmoja, ila huu ni ndugu aliyezoea shida: chini ya ardhi ana kiazi kikubwa cha gome la kahawia lililopasuka, kimejaa maji, na juu anachanua katika udongo ambao hata mbuzi wameukimbia. Ukikikata kinatoa utomvu mweupe. Bi Zuhura alikijua tangu utotoni kwake. Alikimenya, akakikata vipande, akavisugua kwa majivu, akavichemsha, akamwaga yale maji ya kwanza mbali na kuku, akachemsha tena. Na kabla hajapakua alitoa sheria, akiwa amenielekezea mwiko. "Wewe hukigusi. Mzazi hali kiazi pori, wala mwenye mimba. Kinavuruga tumbo, kinakausha maziwa. Utakula unga."

Hivyo ndivyo ilivyoanza sufuria yangu. Mzazi kwao alikuwa mwanamke yeyote mwenye mtoto anayenyonya, na mzazi aliyekuwa chini ya paa lao, awe mpangaji awe nani, alipikiwa kwanza. Unga wote wa ulezi uliopatikana katika nyumba ile, mwaka ule, uliingia katika sufuria moja ndogo iliyobonyea upande, na ile sufuria ilikuwa yangu. Wao watatu walikaa kuzunguka sinia la kiazi pori. Mimi nilikaa pembeni na uji wangu wa moto, mtoto mapajani. Siku za mwanzo niliona haya nikawa nageukia ukutani. Halafu njaa ikanizoesha, nikaacha kugeuka. Nataka kusema kweli hapa: ule uji ulikuwa mtamu. Sijala kitu kitamu vile tangu siku zile, na nimekaa kwenye karamu za watu wakubwa. Mpaka leo sijui kiazi pori kina ladha gani. Nilimwuliza Rehema mara moja, akafikiri, akasema, "Ni kama kula maji, dada. Unatafuna, unameza, halafu unajiulizaga kama umekula."

Alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu, mwenye mikono ya kazi, na cheko lililokuwa likimtoka puani kabla ya mdomoni. Alikuwa amechumbiwa na Shabani, tandiboi wa lori la pamba. Posa ilikuwa imepokewa, na harusi ilikuwa ingoje mvua, maana huwezi kualika watu waje kula kiazi pori. Shabani mwenyewe alifuata lori lake kwenda mikoa yenye mzigo. Basi uchimbaji wote ukawa wa Rehema, na mimi nilifuatana naye kumpigia soga. Tulitoka baada tu ya sala ya alfajiri, kwa sababu ua lile lina haraka: linafunguka kabla ya jua, na jua likishapanda kidogo linajikunja lote, na kamba iliyobaki katikati ya majani makavu huioni hata ukiikanyaga. Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ilikuwa kukimbizana na maua. Kila tulipoona jeupe tuliweka jiwe. Maua yakifunga, tunarudi kwenye mawe yetu kuchimba kwa utulivu. Yaani Rehema anachimba. Yeye alikuwa na mtaimbo, mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, na nilipotaka kusaidia alinifukuza. "Kaa chini, mzazi. Ukijitonesha mgongo mama atanimeza." Akichimba aliimba nyimbo za harusi yake mwenyewe, zile ambazo bibi harusi hapaswi kuimba, akitaja jina la Shabani palipo na jina la bwana harusi, kisha anaficha uso na kucheka peke yake.

Nitasema sasa hivi jambo ambalo wakati ule sikulijua, ili unayesoma usije ukadhani nakuficha: Rehema alikuwa mjamzito. Shabani alikuwa amemwacha hivyo. Tumbo lilikuwa limejikaza, na kanga mbili zilizofungwa vizuri na njaa ya mwaka mzima vilitosha kulificha. Angesema, angeingia kwenye sheria ya sufuria siku hiyo hiyo, maana Bi Zuhura hakuwa mtu wa kumnyima chakula hata mwenye kosa. Lakini kusema kulikuwa ni kuvunja posa, na kumfanya baba yake asitoke tena kwenda msikitini bila kuinamisha kichwa. Basi alinyamaza, akala kiazi pori. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyechimba, na ndiye msichana mwenye nguvu, mama yake alikuwa akimpa vipande vikubwa na kumsifia anavyokula. Jioni moja aliinamia bakuli langu, akafumba macho. "Uji wako unanukiaga, dada. Acha ninuse tu." Nikamsogezea kijiko. Alikuwa amekwisha kifikisha mdomoni Bi Zuhura alipokohoa mara moja. "Hicho ni cha mtoto." Rehema akakirudisha kijiko kimejaa, akakitumbukiza polepole bakulini, na mimi nikavuta bakuli langu karibu. Ule mkono wangu unaovuta bakuli nimeuona mara nyingi sana tangu siku ile.

Ramadhani ikaingia katikati ya ukame. Mimi nilikuwa na ruhusa ya kula, kwa ajili ya kunyonyesha, kwa hiyo mchana nilikuwa nikijificha nyuma ya ile kanga na sufuria yangu ili nisiwatamanishe wengine. Siku moja, karibu mwezi unaisha, nikiwa nimejikunja humo na kijiko, niliwasikia Bi Zuhura na Mama Nyangeta jikoni, wanachambua dagaa wa kufuturia. Bi Zuhura alikuwa akijivuna.

"Rehema wangu mwaka huu kafunga wote. Hajala hata siku moja."

"Wote?" Mama Nyangeta akauliza. "Kwani nyie wasichana wenu si wanapumzikaga zile siku zao?"

 Nilisikia dagaa wakidondoka siniani mmoja baada ya mwingine.

"Njaa imezikausha, mama," Bi Zuhura akasema. "Nusu ya mabinti wa mtaa huu ndivyo walivyo. Damu itoke wapi, maji yenyewe hakuna?"

"Ni kweli," Mama Nyangeta akasema. "Hata kwetu Kibara ng'ombe hawashiki mimba."

Wakacheka, wakaendelea na dagaa. Mimi nyuma ya kanga nililikubali jibu lile mia kwa mia. Zangu pia zilikuwa hazijarudi, na mitaa mizima ilikuwa na wasichana waliokauka. Ilikuwa ni kweli tupu, na ukweli ule ndio uliotupofusha. Mwaka mwingine wowote, mama yeyote wa Kiislamu angesikia neno "kafunga wote" akainuka kwenda kumfungua binti yake kanga. Mwaka ule tu ndio ungeweza kulisikia ukaona ni sifa. Nilikuwa nimezaa juzi, nilijua mwili wa mwenye mimba unavyokaa, na nilikuwa naye kila alfajiri mlimani. Nikalamba kijiko changu nikalala.

Idi ilikuwa imepita asubuhi tuliyokwenda kile kilima cha mawe nje ya mji, upande wa barabara ya Musoma. Maua yalikuwa mengi kupita siku zote. Sijawahi kuona maua mengi vile katika ardhi iliyokufa vile, yametambaa juu ya mawe kama nguo ambazo mtu alianika akazisahau. Rehema hakuimba. Nilidhani amechoka na saumu. Tukaweka mawe yetu, jua likapanda, maua yakajikunja, akaanza kuchimba, na alipofika kwenye kiazi, kikubwa kiasi cha boga, aliacha mtaimbo ukaanguka na akakaa chini mwenyewe, pembeni ya shimo, mikono imeshika tumbo. Akaniambia, "Dada, usimwambie mama." Ndipo nilipoona kanga yake. Mambo mengine ya asubuhi ile hayaandikiki na sitayaandika. Nilimlaza kichwa kwenye mapaja yangu, Hamisi nimemweka chini kwenye majani makavu analia, na sikuwa na mtu wa kumwita. Barabara ilikuwa mbali, na hata ingekuwa karibu, ningemwita nani, niseme nini? Yalipokwisha nilifungua mbeleko niliyombebea Hamisi, nikamfunga humo yule mwingine, mdogo sana, aliyekamilika vidole. Rehema alitaka kumwona. Nikamwonyesha. Shimo la kiazi lilikuwa wazi tayari. Kiazi chenyewe tulikitoa, maana bila kiazi tungerudi nyumbani na maswali, na tukamlaza yeye pale, tukarudishia udongo na mawe. Nilisoma nilichokijua, nacho kilikuwa kidogo.

Miaka mingi baadaye nilimwuliza mkunga mmoja, kwa kuzungukazunguka, kama mzizi wa aina ile unaweza kutoa mimba. Akasema unaweza. Akasema pia njaa inaweza, mtaimbo unaweza, na saumu ya mwezi mzima tumboni mwa mtu asiyekula inaweza, na wakati mwingine hakuna sababu. Nilitoka pale nimechukia. Nilikuwa nimekwenda nikitaka kuambiwa kwamba ni kiazi, nijihukumu mara moja nimalize. Au kwamba si kiazi, nipumzike. Nilichonacho badala yake ni hesabu rahisi ambayo haihitaji mkunga. Katika nyumba ile kulikuwa na watoto wawili wa kulishwa na unga wa mmoja. Wangu ana mvi ndevuni sasa.

Tulirudi pole pole, Hamisi nimemkumbatia kifuani kwa kukosa mbeleko, Rehema na kiazi kichwani; alikataa nikichukue. Bi Zuhura alikuwa mlangoni. Alimtazama binti yake kutoka utosini hadi miguuni, akanitazama mimi mgongo mtupu, akatazama tena. Hakukohoa. Alikipokea kile kiazi akaenda nacho nyuma ya nyumba, na baadaye nilikiona kimetupwa shimoni mwa takataka, kizima, katika mwaka ambao hakuna aliyetupa hata ganda. Mchana ule alipika uji wa ulezi kwa sufuria yangu ile ile. Kisha akaweka chini vikombe viwili. Akamimina kimoja, akamimina cha pili, akahakikisha vimelingana, akasukuma kimoja mbele yangu na kimoja mbele ya Rehema, na akasema tu, "Kunyweni ukiwa wa moto." Mzee Athumani akauliza kwani Rehema anaumwa. "Ana homa," mkewe akasema, "na wewe nenda kapige pamba yako." Katika maisha yake yote yaliyobaki, na aliishi sana, sikumsikia Bi Zuhura akitaja siku ile. Ila vikombe vilikuwa viwili kuanzia hapo mpaka mvua zilipokuja.

Siku ya tatu au ya nne Rehema aliingia chumbani kwangu akashusha kanga mlangoni. Maziwa yalikuwa yamekuja. Yalikuwa yamemjaa hadi ngozi inang'aa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayechomwa. Kuyakamua alijaribu, aliumia, na kuloa kwa nguo kulikuwa kunatangaza kila kitu. Sikufikiri. Nilimchukua Hamisi nikampakatisha yeye. Hamisi, ambaye hajawahi kukataa chakula tangu azaliwe, alishika pale pale. Rehema aliweka kichwa chake kwenye ukuta akalia bila sauti, na mimi nilikaa mlangoni nikishikilia ile kanga isipepee. Ikawa hivyo asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa, mtoto akinyonya mpaka anashiba na kulala. Nilijiambia nampunguzia maumivu, na ni kweli. Lakini najua pia kwamba mwanangu alinenepa. Alikula unga wa mtoto wa Rehema, kisha akanywa maziwa yake.

Mvua zikarudi, na Shabani akarudi nazo. Walioana, wakahamia Butiama wakafungua duka la vipuri vya baiskeli. Mtoto hakuja tena. Sijui kama alimweleza mumewe. Sikuuliza, na Shabani naye alikwisha kutangulia. Mimi nilihamia Musoma, nikapata cherehani na wateja na hatimaye nyumba hii, na kila likizo ya shule nilimpeleka Hamisi Butiama akakae kwa mama yake mdogo. Watu walisema nina moyo, kumwachia mtoto mwanamke asiyejaliwa. Ningecheka kama ningeweza. Mara moja tu nilijaribu kulizungumza na Rehema. Tulikuwa tumezeeka kidogo, tunachambua mchele uani kwake, nikasema, "Rehema, ule uji." Akasema, "Uji gani, dada?" akanitazama sawasawa machoni mpaka nikarudi kwenye mchele.

Tulifika Butiama nyumba imejaa. Mle ndani wanawake walikuwa wanasubiri mtu wa karibu aje kusaidia kuosha, wakanipisha. Nilimmiminia maji kwa birika. Mwili wake ulikuwa umerudi kuwa mwembamba kama mwaka ule. Alikuwa mtu mzito pale mjini: alifundisha akina mama kusoma Kurani, alisuluhisha ndoa za watu, na wale waliokuwa wakimvika sanda walimwita bibi kwa heshima ambayo wengine hatutaipata. Tulipomaliza, sheikh alisogea dirishani upande wa nje akabisha hodi kwenye bati. "Akina mama, samahanini. Marehemu ana maharimu hapa? Mtoto, ndugu wa damu, hata wa kunyonya. Tunataka ajulikane wa kumpokea kaburini."

Mwanamke aliyeshika pamba na marashi akajibu kwa wote. "Hana, sheikh. Bibi hakujaliwa. Watamweka tu Waislamu wenzake."

 Kusema anaye ni kusema alinyonyesha, na Hamisi ni mkubwa kuliko ndoa yake. Hata mtoto wa darasa la pili angepiga hesabu. Ningekuwa nimemvua kanga mbele ya wanafunzi wake, akiwa ameshavikwa sanda. Na kunyamaza kulikuwa kumwacha ashushwe na wageni, kama mtu ambaye hakuacha chochote duniani. Nilisimama na lile birika mkononi, mzee mzima, sijui la kufanya.

"Nipo mimi, sheikh." Ilikuwa sauti ya Hamisi, nje. "Ni mama yangu wa kunyonya."

 Sheikh akauliza, kwa upole, kama kuna anayethibitisha.

"Mimi," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mimi niliyemzaa. Rehema alimnyonyesha chumbani kwangu Bunda, siku nyingi, na akashiba."

Wanawake walinigeukia. Nikaona mmoja wao, kijana, akianza kuhesabu usoni. Midomo ilikuwa inatikisika. Yule wa marashi akamkanyaga mguu, akavuta sanda vizuri usoni kwa Rehema, akasema, "Basi sheikh umesikia. Mwanawe yupo."

Wakaja kumchukua. Hamisi alipoinama mlangoni nilimshika shati. Sikuweza kuuliza swali zima. Akalijibu hata hivyo, karibu na sikio langu. "Alinieleza mwenyewe, mama, nikiwa sekondari. Alinipeleka kile kilima akanionyesha alipolala ndugu yangu. Tulikuwa tunakwendaga kila likizo."

"Na mimi hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua kwamba najua, hutakula tena ukashiba." Akajitoa taratibu mkononi mwangu, akaweka bega lake chini ya jeneza.

Nasi wanawake tulibaki uani, kama ilivyo. Sauti za wanaume zilikwenda zikipungua kuelekea makaburini. Baadaye kidogo wakapita mabinti na masinia, wakaweka mbele yangu sahani ya wali na maharage, na yule wa marashi akanisukumia kijiko. "Kula, mama. Umetoka mbali." Niliutazama ule wali. Nilitamani ninyimwe hamu, walau siku ile moja. Lakini nilikuwa na njaa, nikala, na ulikuwa mtamu.